Kusubiri tathmini ya PIP Uingereza: mwongozo kamili wa nini cha kufanya miezi yote hiyo

Wasomaji wengi wanaoishi Uingereza wanakwama mahali pamoja. Wamepiga simu kuomba PIP (Personal Independence Payment, malipo ya serikali kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu), wamejaza fomu, wameirudisha, kisha kimya. Mwezi unapita, wa pili, wa tatu, wa nne. Barua ya tathmini inapokuja, mmoja ameshahama nyumba, mwingine yuko Mombasa kwenye msiba, mwingine anaingia kwenye tathmini mikono mitupu na kujibu kwamba hajambo. Ombi linakataliwa, na safari ya kusubiri inaanza upya.

Ombi la PIP huimarika au huharibika ndani ya miezi hiyo ya kusubiri. Mwongozo huu unahusu Uingereza yenyewe na Wales. Walio Scotland huomba Adult Disability Payment kwa Social Security Scotland, na utaratibu wake ni tofauti. Northern Ireland ina PIP pia, lakini ofisi na namba zake za simu ni nyingine.

## Kabla ya yote: tazama masharti ya viza yako

PIP ni fedha za umma. Kama viza yako imeandikwa «no recourse to public funds», kuomba PIP kunaweza kuvunja masharti ya ukaazi wako na kukuharibia maombi ya baadaye. Viza nyingi za masomo, kazi na ndoa zina sharti hilo. Zungumza kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, na mkimbizi aliyekubaliwa, wanaweza kuomba. Kwa kawaida inatakiwa uwe umeishi nchini angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita. Wakimbizi hawabanwi na sharti hilo la miaka. Mwenza wako akiwa ndiye mwenye viza yenye zuio, wewe huzuiwi, kwa sababu PIP ni ya mtu mmoja mmoja na haitazami mapato ya nyumba.

## Vitu vya kuandaa

- Namba yako ya National Insurance, iandikwe juu ya kila karatasi unayotuma.
- Nakala ya fomu yote uliyojaza. Picha za simu zinatosha kama zinasomeka.
- Daftari moja la kumbukumbu za kila siku.
- Faili au bahasha kubwa ya barua za hospitali, moja tu, isitawanyike nyumbani.
- Orodha ya dawa zako na dozi zake. Ile karatasi inayokuja na dawa za kila mwezi inafaa.
- Futi kamba, au simu yenye programu ya kupima umbali.
- Mtu mmoja unayemwamini atakayekuwa nawe siku ya tathmini.
- Kalenda ukutani, si kichwani.

## Hatua ya 1: Linda tarehe ya ombi lako

Ukikubaliwa, malipo huhesabiwa tangu siku ulipopiga simu ya kwanza ya kuomba, mradi wakati huo shida yako ilikuwa imeshatimiza miezi 3. Kwa hiyo muda wa kusubiri haukupotezei fedha hizo, utalipwa malimbikizo. Kupiga simu kwa kuchelewa ndiko kunakokugharimu, kwani wiki ambayo hukupiga simu hairudi.

Kama bado hujaanza, piga 0800 917 2222. Ni bure. Sema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, nao hulipi. Andika tarehe, saa na jina la aliyekupokea.

Anayeomba anatakiwa awe na umri wa miaka 16 au zaidi na awe hajafikia umri wa pensheni ya serikali. Shida yake iwe imekuwepo kwa miezi 3 na itarajiwe kuendelea kwa miezi 9 mingine. Kuna njia ya haraka kwa mgonjwa ambaye madaktari wanaona huenda hana zaidi ya miezi 12 ya kuishi: daktari au muuguzi hujaza fomu ya SR1, na mgonjwa hapiti kwenye tathmini kabisa. Familia nyingi huona vigumu kulitaja jambo hili. Muulizeni daktari pembeni. Hata mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba ya mgonjwa.

Utajua imefanikiwa: utapokea fomu iitwayo PIP2, yenye tarehe ya mwisho ya kuirudisha.

## Hatua ya 2: Hakikisha fomu imefika

Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si tangu siku uliyoifungua bahasha. Ukiona huwezi kumaliza, piga 0800 121 4433 kabla ya siku hiyo uombe uongezewe muda. Ukinyamaza, ombi linafungwa na ile tarehe yako ya kwanza inakufa nalo.

Itume kwa bahasha waliyokupa, lakini usiidumbukize tu kwenye sanduku la barabarani. Ingia posta uombe uthibitisho wa kutuma. Ni karatasi ndogo ya bure, na siku wakisema hawajaipata, hiyo ndiyo itakayokusaidia.

Usiicheleweshe fomu kwa kungoja barua ya daktari. Tuma fomu, na uandike ndani kwamba ushahidi zaidi utafuata.

Utajua imefanikiwa: ukipiga simu baada ya wiki mbili hivi, wanasema fomu imepokelewa na faili limepelekwa kwa kampuni ya tathmini. Tangu Septemba 2024 kampuni hizo ni nne: Capita, Maximus, Ingeus na Serco. Uliza yako ni ipi na uandike jina lake, maana barua yake utaipokea bila nembo ya serikali unayoizoea, na wengi huitupa wakidhani ni tangazo.

## Hatua ya 3: Omba mahitaji yako mapema

Tathmini inaweza kufanyika kwa simu, kwa video, ana kwa ana, au kwa kusoma makaratasi tu. Kampuni ndiyo inayochagua, lakini unaweza kuomba njia inayokufaa na kueleza sababu. Ukijua kampuni yako, wapigie na useme mambo haya:

Mkalimani. Taja Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akipewa mkalimani wa Dar, mengi yatapotea njiani, na Mbajuni hali kadhalika. Una haki ya kusema «simwelewi». Usimtumie mtoto wako kukalimani. Mtoto huona haya kutamka kwamba baba hawezi kujisafisha chooni, na wewe huoni rahisi kulisema mbele yake. Jambo ambalo halikusemwa haliwezi kupewa pointi.

Mwanamke au mwanamume. Kama huwezi kuzungumzia mwili wako mbele ya mtu wa jinsia nyingine, omba mtathmini na mkalimani wa jinsia unayoitaka.

Kurekodi. Unaweza kuomba tathmini irekodiwe sauti, lakini lazima uombe kabla ya siku yenyewe.

Usafiri. Nauli hurudishwa. Teksi lazima ikubaliwe kwanza. Kama huwezi kutoka nyumbani kabisa, omba waje kwako au watumie simu, na uwe na barua ya daktari inayounga mkono.

## Hatua ya 4: Andika daftari la kila siku

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

PIP haitoi pesa kwa jina la ugonjwa. Mwenye kisukari anaweza kupata sifuri na mwingine mwenye kisukari akapata kiwango cha juu. Kinachopimwa ni shughuli 12: 10 za maisha ya kila siku na 2 za kutembea na kusafiri. Za kila siku ni kuandaa chakula, kula, kufuata matibabu, kuoga, kutumia choo, kuvaa, kuzungumza na kusikia, kusoma, kukaa na watu, na kupanga matumizi ya pesa. Za mwendo ni kupanga na kufuata safari, na kutembea kwa miguu.

Kila shughuli ina pointi zake. Pointi 8 katika kundi moja hukupa kiwango cha kawaida, na 12 hukupa kiwango cha juu. Makundi mawili hayachanganywi: pointi 6 za maisha ya kila siku na 6 za mwendo hazikupi chochote. Viwango vilivyowekwa kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 vilikuwa £73.90 au £110.40 kwa wiki kwa maisha ya kila siku, na £29.20 au £77.05 kwa mwendo.

Neno «naweza» lina masharti manne kisheria. Unahesabiwa kuwa unaweza jambo ikiwa unalifanya:

1. Kwa usalama, bila kujiumiza wala kumuumiza mtu.
2. Kwa kiwango kinachokubalika. Kuoga nusu mwili si kuoga.
3. Kwa kurudia kila inapohitajika. Ukipika chai asubuhi kisha ukashindwa kuamka mpaka jioni, kupika huwezi.
4. Kwa muda wa kawaida, yaani usizidi mara mbili ya muda wa mtu asiye na shida hiyo.

Likikosekana sharti moja, jibu ni «siwezi». Na shida hiyo iwepo zaidi ya nusu ya siku zote. Siku inahesabika hata kama ilikubana kwa sehemu tu ya siku hiyo.

Sasa chukua daftari na uandike siku 14 mfululizo, siku nzuri na mbaya, zote. Ukiandika mbaya peke yake, mtathmini anaona. Kwa kila tukio jibu: nilikuwa nafanya nini, nini kilitokea, nani alinisaidia, ilichukua dakika ngapi, nini kilifuata baadaye. Mfano wa ukurasa mzuri:

> Jumanne. 05:00 nimeamshwa na maumivu ya nyonga. Kutoka kitandani dakika 15, binti kanivuta mkono. Suruali na soksi kanivalisha yeye, shati nimevaa mwenyewe. Nilijaribu kumimina chai, birika likanitoka mkononi, maji ya moto yakamwagika kwenye sinki. Adhuhuri nimesali juu ya kiti, kusujudu siwezi. Mpaka kituo cha basi nilisimama mara tatu: binti hutembea dakika 2, mimi 9. Baada ya hapo nililala mpaka jioni. Sikuoga, naogopa kuanguka bafuni na nyumbani hapana mtu.

Na huu ni ukurasa usio na faida: «Leo nilikuwa na hali mbaya sana. Maumivu makali. Namshukuru Mungu jioni nilipata nafuu.» Ni kweli tupu, lakini hauna shughuli hata moja ndani yake.

Mambo matatu huharibu madaftari ya Waswahili hasa.

Saa. Ukiandika «saa 4 asubuhi», atakayekutafsiria anaweza kuandika 4 am. Andika 10:00.

Msaada wa familia hauonekani. Kwetu, binti akikata vitunguu na mke akinyanyua sufuria, mtu husema «mimi napika mwenyewe». Kwa PIP, kupika maana yake ni mlo mmoja wa mtu mmoja, kwa vyakula vibichi, kwenye jiko la mezani, kuanzia kumenya mpaka kiive. Kama asipokuwepo wa kumenya na wa kuinua sufuria wewe utakula mkate na maji, hiyo ni shughuli unayohitaji msaada, na ina pointi 4. Pitia daftari kila jioni na wanaokusaidia, uwaulize, «Leo mmenifanyia nini?» Watakumbuka usiyoyaona.

Umbali wa kukisia. «Siwezi kwenda mbali» hakupimiki. Pima. Ukiweza kutembea zaidi ya mita 50 lakini usizidi 200, ni pointi 4. Zaidi ya 20 lakini si zaidi ya 50, ni pointi 8, au 10 kama ni lazima utumie fimbo au kifaa kingine. Zaidi ya 20 huwezi? Ni 12. Basi la ghorofa la London lina urefu wa mita 10 au 11 hivi, kwa hiyo mabasi mawili yaliyofuatana ni mita 20. Tembea kama unavyotembea siku zote, upime mpaka pale maumivu au kukosa pumzi kunapokusimamisha. Usijikaze kwa ajili ya kipimo.

Utajua imefanikiwa: mgeni asiyekujua akisoma kurasa zako, anaweza kueleza siku yako inavyokwenda tangu asubuhi bila kutaja jina la ugonjwa.

Daftari unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Ila kabla ya kulituma, pata mtu akuandikie muhtasari kwa Kiingereza, ukurasa mmoja au miwili, na utume vyote pamoja.

## Hatua ya 5: Kusanya ushahidi wa kazi, si wa jina la ugonjwa

Barua ya GP (daktari wako wa mtaani) inayosema «mgonjwa huyu ana arthritis» haiongezi kitu, hilo wameshalikubali. Mara nyingi utailipia, na GP mwenyewe hajawahi kukuona ukioga. Badala yake, omba rekodi zako za matibabu. Ni haki yako, ni bure, na kliniki ina mwezi mmoja kukupa. Nyingi pia zinaonekana kwenye programu ya NHS.

Ushahidi wenye uzito hutoka kwa wanaokuona ukifanya mambo: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, muuguzi wa jamii, mfanyakazi wa afya ya akili, mtaalamu wa vifaa vya nyumbani kutoka kaunsili. Kama hujawahi kumwona huyo wa mwisho, piga simu kaunsili leo uombe tathmini ya mahitaji ya huduma. Huhitaji kuwa na PIP. Nchini Uingereza yenyewe, vifaa vidogo na marekebisho ya nyumba yasiyozidi £1,000 hutolewa bure ukionekana unavihitaji: kishikio cha bafuni, kiti cha kuogea, ngazi ya kitanda. Na ripoti atakayoandika ni ushahidi bora kuliko barua kumi za GP.

Barua ya anayekusaidia nyumbani nayo ina thamani. Iwe na jina lake, uhusiano wenu, mara ngapi kwa wiki yuko nawe, anachokufanyia kwa mkono wake, na jambo moja au mawili aliyoyashuhudia kwa tarehe. Nusu ukurasa yatosha. Asiandike kuhusu tabia yako njema wala jinsi familia inavyotaabika.

Vyeti vya hospitali za nyumbani vinafaa pia. Vya Tanzania na Kenya kwa kawaida viko kwa Kiingereza tayari. Vya Kongo na Burundi viko kwa Kifaransa, vitafute tafsiri. Tuma nakala, asilia baki nazo.

## Hatua ya 6: Pesa za kuishi wakati unangoja

PIP ni tofauti na Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na kuomba moja hakuzuii nyingine. Kama huwezi kufanya kazi, lipo ombi jingine lenye tathmini yake: mweleze Universal Credit kupitia akaunti yako kwamba unaumwa, kisha peleka cheti cha GP kiitwacho fit note. Usiache pengo la hata siku moja kati ya cheti na cheti. Vyeti vikikatika, safari yako ya kutambuliwa kuwa huwezi kazi hucheleweshwa. Fomu yao ni UC50, usiichanganye na PIP2.

Aliyelipa National Insurance ya kutosha katika miaka ya karibuni aulize pia kuhusu New Style ESA, malipo ya asiyeweza kazi kwa ugonjwa, ambayo haitazami akiba wala mapato ya mwenza.

Piga simu nyingine tatu: kaunsili, kwa punguzo la Council Tax (kodi ya kaunsili, si ya pango) na msaada wa dharura, kampuni ya umeme na gesi, uandikwe kwenye orodha ya wateja wanaohitaji huduma maalumu, na kampuni ya maji, uulize viwango vya wenye kipato kidogo au ugonjwa. Chakula kikiisha, Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakupa rufaa ya benki ya chakula. Hapana haya katika hilo.

Usikope kwa kutegemea malimbikizo ya PIP. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba utakubaliwa. Kama uko kwenye mchezo wa upatu au chama, waambie wenzako mapema kwamba mchango wako utapungua kuliko kukosa siku zamu ya mtu imefika.

Na kuna watu wanaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp wakiahidi «kukupatia PIP» kwa asilimia ya malimbikizo. Kataa. Wengine huandika uongo kwenye fomu, na anayeshtakiwa kwa udanganyifu ni wewe uliyetia saini. Citizens Advice, vituo vya sheria na washauri wa mafao wa kaunsili hawatozi kitu.

## Hatua ya 7: Fuatilia, na usipotee

Piga 0800 121 4433 kila baada ya wiki nne. Kila siku ni kujichosha bure. Uliza maswali matatu tu, na uandike majibu: Faili liko kwenu au kwa kampuni ya tathmini? Kuna kitu mnachongoja kutoka kwangu? Anwani na namba yangu ya simu mlizonazo ni zipi?

Swali la tatu ndilo linaloziokoa kesi nyingi. Ukihama nyumba au kubadilisha laini ya simu, waarifu DWP (idara ya serikali inayotoa PIP) siku hiyo hiyo, na kampuni pia.

Safari za nyumbani. PIP inaruhusu kuwa nje ya nchi kwa muda hadi wiki 13, au 26 ikiwa ni kwa matibabu. Lakini barua ya tathmini haijui kwamba uko Zanzibar. Kabla ya kusafiri wapigie, taja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na mpe jirani au ndugu ruhusa ya kufungua barua na kukutumia picha. Ukikosa tathmini bila sababu ya maana, ombi hukataliwa. Ikitokea umekosa, usingoje: andika mara moja sababu na ambatisha uthibitisho, kama karatasi ya hospitali au ya msiba.

Hali ikizidi ukiwa bado unangoja, waeleze, na tuma ushahidi mpya wenye namba yako ya National Insurance juu yake. Wao hawawezi kujua kwamba ulilazwa mwezi uliopita.

Ucheleweshaji ukipita kiasi, andika malalamiko kwa DWP, yenye tarehe zote ulizoziandika. Isipofaa, mwandikie mbunge wa eneo lako. Huhitaji kuwa raia, wala kumpigia kura. Unahitaji kuwa mkaazi wa jimbo lake. Eleza kwa mistari michache: uliomba lini, sasa ni miezi mingapi, umepungukiwa nini nyumbani.

## Hatua ya 8: Siku ya tathmini

Tathmini huchukua karibu saa moja. Anayeifanya ni mtu wa afya, kama muuguzi au mtaalamu wa viungo, na huenda hajawahi kutibu ugonjwa wako. Yeye si daktari wako na hakuja kukutibu. Anajaza ripoti.

Ikiwa ni kwa simu, inaweza kuingia kwa namba iliyofichwa. Chaji simu, ipokee hata usipoitambua.

Swali la kwanza huwa la adabu: «Habari yako leo?» Sisi tumelelewa kujibu «nzuri» hata tukiwa kitandani, na kumshukuru Mungu ni wajibu. Lakini mbele yake kuna kompyuta. «Nzuri, alhamdulillah» inaweza kuingia kwenye ripoti kwamba mwombaji amesema anaendelea vizuri. Jibu kwa ukweli bila kukosa adabu: «Leo nimelala saa mbili tu, mgongo unaniuma, lakini nitajaribu kuzungumza nawe.» Si kulalamika huko. Ni kujibu ulichoulizwa.

Maswali mengine yanaonekana ya mazungumzo tu: Umekujaje? Unapenda kufanya nini? Una wajukuu? Ukijibu «huenda msikitini kila Ijumaa» ukaishia hapo, ataandika kwamba unatoka na kukaa na watu. Malizia sentensi: «Mwanangu hunipeleka kwa gari mpaka mlangoni, nasali nimekaa kwenye kiti, na Jumamosi nzima siwezi kuamka.»

Ana kwa ana, anakutazama tangu chumba cha kungojea: unavyosimama, unavyovua koti, unavyookota mkoba. Usiigize, na usijikaze pia. Ukihitaji kupumzika, pumzika na useme kwa nini. Njoo na daftari, ulisome, hata kama unakumbuka. Mtu uliyekuja naye anaweza kuongeza ulichosahau, ila asijibu badala yako.

Usikubali swali la «unaweza au huwezi?» kwa neno moja. Jibu kwa yale masharti manne: naweza, lakini baada yake nini, kwa dakika ngapi, na nani amesimama pembeni.

Utajua imefanikiwa: tathmini inapokwisha, umeshataja angalau tukio moja halisi kwa kila shughuli inayokushinda.

## Hatua ya 9: Baada ya tathmini

Siku hiyo hiyo, wakati bado unakumbuka, andika maswali uliyoulizwa na ulivyojibu. Baada ya wiki moja au mbili, pigia DWP uombe nakala ya ripoti ya mtathmini, inayoitwa PA4. Isome ukiwa na mshauri na uweke alama kila mahali palipoandikwa usichokisema.

Uamuzi ukija na hukubaliani nao, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uangaliwe upya. Taja shughuli moja moja, sema ulistahili pointi ngapi, na uonyeshe ushahidi uko ukurasa gani. «Nimeonewa» haibadilishi uamuzi. «Kwenye kuvaa mmenipa 0, barua ya muuguzi ukurasa wa 2 inasema nasaidiwa suruali na soksi» inaweza kuubadilisha. Wakikataa tena, kata rufaa kwa fomu ya SSCS1 ndani ya mwezi mmoja. Mahakama hiyo ya rufaa haitozi ada, mkalimani yupo, na wanaosikiliza ni jaji, daktari na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu, si watumishi wa DWP.

Ukikubaliwa, kuna mambo ya kufanya wiki hiyo hiyo. Waarifu Universal Credit na kaunsili, kwa sababu kupata PIP kunaweza kuongeza mafao mengine na kukuondoa kwenye kikomo cha jumla ya mafao. Ukiwa na pointi 8 au zaidi za kutembea, omba Blue Badge ya kuegesha gari. Kama unapanga kumleta mwenza kutoka nyumbani, mweleze mshauri wa uhamiaji kwamba sasa unapokea PIP: mdhamini anayepokea PIP hapimwi kwa kima cha chini cha mapato cha kawaida, bali kwa kipimo chepesi zaidi cha uwezo wa kujikimu.

Na kama umepewa sehemu ya maisha ya kila siku, yule anayekuhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki aombe Carer's Allowance (posho ya mwenye kumhudumia mgonjwa) ndani ya miezi 3 tangu barua ya uamuzi. Akiwahi, na akiwa alitimiza masharti mengine, naye anaweza kulipwa tangu siku PIP yako ilipoanza kuhesabiwa. Akichelewa, miezi yote aliyokuwa akikuvalisha soksi wakati mnasubiri haitalipwa. Kabla hajaomba, muulizeni mshauri, maana ombi lake linaweza kupunguza baadhi ya mafao yako kama unaishi peke yako.